Gharama ya Mchezo

Mchezo una umri mkubwa kuliko soko. Kabla mwanadamu hajajua kuhesabu faida alijua kukimbizana, kufumbiana mafumbo na kupanga kokoto katika vishimo vya mchanga. Bao, ambalo katika mwambao wa Afrika ya Mashariki limewachukulia watu jioni nyingi, lataka mashimo 32 na kete 64 tu. Asiye na ubao huchimba ardhi, na asiye na komwe huokota kokoto. Mshindi haondoki na kitu ila sifa, wala mshindwa haachi kitu ila majivuno yake. Kwa kuwa hasara ni ndogo, mchezaji huthubutu: hujaribu njia ambayo hajapata kuijaribu, akashindwa, akacheka, akaanza tena. Yamkini hii ndiyo sababu iliyofanya mchezo upendwe katika kila nchi na kila zama. Ni mahali ambapo mtu aweza kukosa bila ya kuangamia.

Katika zama hizi imetokea michezo ya namna nyingine, ichezwayo kwa mitambo ya umeme mbele ya kioo, na ambayo kutengenezwa kwake kumekuwa shughuli kubwa ya mali. Mchezaji wake bado aweza kukosa bila ya kuangamia. Shujaa wake akiuawa hufufuka kwa kubonyeza kitufe. Lakini mtengenezaji hana tena uhuru huo. Kosa moja laweza kufunga studio na kuwatawanya mamia ya watu waliokuwa wakila jasho lao humo. Swali lililo mbele ya mwenye kufikiri si kama fedha zitumiwazo ni nyingi, maana wingi wa fedha peke yake si dhambi. Swali ni nani anayeweka dau, na nani anayelipa dau likiliwa.

Wingi wenyewe ulikuwa siri kwa muda mrefu. Kampuni zinazotengeneza michezo mikubwa hutangaza kila jani la misitu yao na kila unywele wa mashujaa wao, lakini bei ya kazi hufichwa kama aibu ya nyumbani. Mwezi wa Juni, 2023, mahakama moja ya San Francisco, Marekani, ilikuwa ikisikiliza kesi ambayo serikali ilitaka kuizuia kampuni ya Microsoft isiinunue kampuni ya michezo ya Activision Blizzard. Sony, mshindani wa Microsoft, ilileta hati zake mahakamani, na tarakimu za siri zilifutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Wino haukuwa mzito kama siri. Hati zilipopigwa picha na kuwekwa hadharani, tarakimu zikasomeka chini ya weusi. Ikajulikana hivyo kwamba mchezo wa The Last of Us Part II, uliotoka mwaka wa 2020, uligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West, uliotoka mwaka wa 2022, dola milioni 212. Wa kwanza ni kazi ya studio ya Naughty Dog iliyoko Santa Monica, katika jimbo la California, na kazi ilipopamba moto watu 200 walikuwa wakiufanya. Wa pili ni kazi ya studio ya Guerrilla, ya Amsterdam katika Uholanzi. Wao walifika watu 300, na kazi yao ilichukua miaka 5.

Mtu asiyeijua kazi hii huuliza, na ni haki yake kuuliza, fedha zote hizo huenda wapi. Jengo hula mawe na meli hula chuma. Mchezo wa video hauli kitu chenye uzito. Ukikamilika waweza kuchukuliwa katika diski moja nyembamba, au kupita katika intaneti bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Jawabu ni kwamba mchezo hula siku za watu. Wamo waandika programu, wachoraji, wachonga sanamu zisizoshikika, watunzi wa hadithi, wapiga muziki, waigizaji ambao kila mwendo wa viungo vyao hunaswa na kamera, na wajaribu, ambao huucheza mchezo usiokwisha bado, mara mia na mara elfu, wakitafuta mahali ulipoharibika. Desturi ya kazi hii ilikuwa kukisia dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, mshahara, pango, bima na mitambo vyote pamoja. Na katika miji ghali ya Marekani kisio hicho hutajwa siku hizi kuwa kati ya dola 15,000 na 20,000. Basi watwaliwe watu 300 kwa miaka 5. Ni miezi ya kazi 18,000, na kwa kisio la chini ni dola milioni 180. Kwa hesabu nyingine, nzito kuliko ya fedha, ni miaka 1,500 ya umri wa mtu. Hapana shaka wote 300 hawakuwapo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa studio huanza na wachache ikaongeza watu kadiri kazi inavyokua. Lakini hata nusu ya hesabu hiyo ikiondolewa, yabaki miaka ipitayo karne saba.

Hili lazima likumbukwe katika kila lisemwalo baadaye. Mhasibu asemapo kuwa mchezo uligharimu dola milioni 200 amesema kweli kwa lugha ya kazi yake. Lakini dola hutoka na kurudi, na hata ile iliyopotea kwa mmoja huonekana mkononi mwa mwingine. Siku ya mtu haina desturi hiyo.

Gharama hizi hazikuota usiku mmoja. Mwaka wa 1984 Alexey Pajitnov, mfanyakazi wa taasisi ya sayansi katika Moscow, alitunga mchezo wa Tetris kwa muda aliouiba katika kazi nyingine, na mchezo huo umezunguka dunia nzima. Miaka 15 baadaye kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Shenmue, uliotungwa na Yu Suzuki, ambaye mwenyewe ametaja gharama ya dola milioni 47. Ulistaajabiwa kwa mitaa yake yenye watu waliokwenda kazini asubuhi na kurudi makwao jioni. Hata hivyo sifa hazikuirudisha Sega katika nguvu zake, na mwaka wa 2001 iliacha kutengeneza mitambo ya kuchezea. Mwaka wa 2013 Grand Theft Auto V ulikadiriwa kugharimu zaidi ya dola milioni 260, matangazo yakiwa ndani yake, na mauzo yake yakafika dola bilioni moja katika siku tatu. Tena, katika hati iliyoletwa mahakamani California mwishoni mwa mwaka wa 2024, ofisa mmoja wa Activision alieleza kuwa Call of Duty: Black Ops Cold War wa mwaka wa 2020 ulikuwa umetumia dola milioni 700 katika maisha yake, pamoja na kazi iliyofanywa baada ya kutoka.

Katika muda huo wote bei aliyolipa mnunuzi haikukimbia pamoja na gharama. Mchezo mkubwa uliouzwa kwa dola 60 mwaka wa 2005 uliuzwa bado kwa dola 60 miaka 15 baadaye, na mwaka wa 2020 ndipo bei ilipopanda ikawa dola 70. Shawn Layden, aliyewahi kuziongoza studio za Sony, alisema mwaka huohuo kwamba kila kizazi kipya cha mitambo huzidisha gharama maradufu, na kwamba mwendo huo hauwezi kudumu. Pengo lililo kati ya gharama na bei laweza kuzibwa kwa njia moja tu, nayo ni wingi wa wanunuzi. Kwa hiyo mchezo uliouza nakala milioni tatu, ambao zamani ungalifanyiwa karamu, siku hizi waweza kuhesabiwa kuwa umeanguka.

Chanzo cha kupanda huku ni mashindano ya macho. Kila mtambo mpya huweza kuonyesha zaidi ya ule wa zamani, na kila liwezekanalo huwa wajibu punde tu mshindani anapolitimiza. Katika Red Dead Redemption 2, wa mwaka wa 2018, ndevu za shujaa hukua siku hata siku, na mchezaji asipozinyoa hurefuka. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini yupo mtu aliyeketi mezani akazipanga ndevu hizo. Zamani, sura ya mtu iliyochorwa kwa nukta mia ilipochorwa kwa nukta elfu, kila jicho liliona faida. Sura ya nukta milioni ikifanywa ya nukta milioni kumi, kazi huongezeka sana na jicho hufaidi kidogo. Mnunuzi naye hana budi kuchukua sehemu yake ya lawama. Jicho lililokwisha kuzoea halishukuru. Jana lilistaajabia tone la mvua juu ya koti la shujaa, leo lalalamika kuwa tone halikuteleza kama inavyopasa.

Lakini ni makosa kudhani kwamba fedha nyingi huenda siku zote katika uzuri. Kisa cha kampuni ya Atari ya Marekani chafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mambo yote haya yalionekana mapema, katika umbo dogo. Mwaka wa 1982 sinema ya E.T., iliyotengenezwa na Steven Spielberg, ilikuwa imeuteka ulimwengu, na Atari ikanunua haki ya kuifanya mchezo. Bei ya haki hiyo yakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 20 na 25. Mapatano yalikwisha mwishoni mwa Julai, na ili kaseti ziwahi madukani kabla ya Krismasi mchezo ulitakiwa uwe tayari ifikapo mwanzo wa Septemba. Kazi akapewa kijana mmoja, Howard Scott Warshaw, ambaye alikuwa amekwisha kutunga michezo iliyopendwa. Alipewa majuma matano.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba gharama ilikuwa kubwa na kazi ilikuwa maskini. Mamilioni yalilipiwa jina. Mchezo wenyewe ukapewa siku 35 za mtu mmoja. Aliyeweka dau hakuwa Warshaw. Hakuulizwa kama bei ya jina yafaa, wala hakuweza kuisogeza Krismasi. Mchezo ukatoka, watoto wakaucheza, shujaa wao akatumbukia mashimoni kila hatua, nao wakachoka. Kaseti zilizorudi madukani zilikuwa nyingi hata mwezi wa Septemba, 1983, malori yakazichukua, pamoja na kaseti za michezo mingine, mpaka katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico, zikafukiwa na kumiminiwa saruji juu yake. Biashara ya michezo ya video katika Marekani ikaanguka vibaya miaka hiyo. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo michezo mibovu ya kampuni nyingi na maduka yaliyojaa kupita kiasi. Hata hivyo kwa miaka 30 jina lililotajwa katika maskani ya wachezaji lilikuwa la mchezo ule mmoja, na aliyechekwa alikuwa mtu yule mmoja.

Iko tofauti moja kati ya kisa hicho na mambo ya leo, nayo ni hofu. Atari ilishindwa kwa kiburi cha kudhani kuwa chochote kitauzika. Kampuni za leo hushindwa pia kwa hofu ya kudhani kuwa hakuna kipya kitakachouzika. Mtu aliyebeba mayai elfu kichwani hatembei kama aliyebeba moja. Mwenye dola milioni 200 juu ya kazi moja hutafuta hadithi iliyokwisha kupendwa, shujaa aliyekwisha kujulikana, na jina lenye tarakimu mbele yake, ya pili, ya tatu, ya sita. Mwezi wa Desemba, 2023, wezi waliiba hati za studio ya Insomniac ya California wakazitawanya. Tendo ovu, lililofichua hata mambo ya siri ya wafanyakazi wasio na hatia. Katika hati hizo ilionekana kwamba Marvel's Spider-Man 2 uligharimu kiasi cha dola milioni 300. Shujaa wake alibuniwa mwaka wa 1962. Mchezo huo ulipendwa na ulistahili kupendwa. Wala hakuna asemaye kwamba hadithi ya kale haifai kusimuliwa tena. Lakini gharama inapokuwa kubwa hata watunzi hodari wasiweze kuruhusiwa kukosa, basi kile kilichoufanya mchezo kuwa mchezo kimehama kwao. Mchezaji amebakiziwa uhuru wa kujaribu, na mtunzi amenyang'anywa.

Wako wenye kuzitetea gharama hizi, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Husema kwanza kwamba fedha zitumiwazo hazitupwi baharini. Ni mishahara; zinalipa pango la nyumba, zinasomesha watoto, zinamwezesha mpiga zeze wa okestra kuishi kwa zeze lake. Anayetaka michezo iwe ya gharama ndogo ataka pia, ajue asijue, kazi ziwe chache. Husema tena kwamba ziko kazi ambazo haziwezi kufanywa na wachache. Misikiti mikubwa na makanisa makuu ya zamani yalichukua vizazi, na hapana mtu leo ayatazamaye akasikitikia hesabu ya mafundi. Mwisho husema kwamba mnunuzi hupata faida kubwa: kwa dola 70 aweza kutembea mwezi mzima katika nchi iliyobuniwa, ilhali sinema humchukulia fedha kwa saa mbili tu.

Hoja ya tatu ni kweli na haina ubishi. Ya kwanza ni kweli pia, lakini yataka kufuatwa mpaka mwisho wake. Ikiwa uzuri wa gharama kubwa ni kuwa inalisha watu, basi uzuri huo hupimwa kwa jinsi watu hao wanavyotendewa, wakati wa njaa na wakati wa shibe. Mwezi wa Oktoba, 2023, Microsoft ilishinda kesi zake na kuinunua Activision Blizzard kwa kiasi cha dola bilioni 69. Mwezi wa Januari uliofuata ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika idara yake ya michezo. Mwezi wa Mei, 2024, ilitangaza kuzifunga studio kadhaa, mojawapo ikiwa Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa Hi-Fi Rush, mchezo uliosifiwa na kupewa tuzo. Studio hiyo iliokolewa mwezi wa Agosti na kampuni ya Krafton ya Korea ya Kusini. Nyingine hazikupata mwokozi. Sony nayo, mwezi wa Februari, 2024, ilitangaza kuwaachisha watu wapatao 900. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Naughty Dog, wa Guerrilla na wa Insomniac, yaani wa studio zilezile ambazo kazi zao, kwa ushahidi wa hati zilizotajwa, ziliuzwa kwa mamilioni.

Hapa ndipo ile hoja ya mishahara inapolegea. Mkulima wa shamba lisilozaa akikosa chakula, watu humhurumia na huelewa. Lakini hawa shamba lao lilizaa. Walioamua kiasi cha dau, walionunua kampuni kwa bei ya kutisha, waliokisia kuwa wachezaji walioongezeka wakati wa maradhi ya korona wataendelea kuongezeka, aghalabu walibaki katika viti vyao, na barua walizowaandikia walioachishwa zilijaa maneno ya huzuni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hoja ya makanisa na misikiti nayo ina jawabu, na jawabu lake ni chungu. Fundi wa mawe aliyekufa kabla jengo halijakwisha aliacha jiwe lake ukutani. Mjukuu wake aliweza kuonyeshwa. Tarehe 23 Agosti, 2024, Sony ilitoa mchezo uitwao Concord, kazi ya miaka mingi ya studio ya Firewalk. Ulikuwa mchezo wa kuchezwa na wengi pamoja kwa njia ya intaneti. Wanunuzi walikuwa wachache. Tarehe 6 Septemba, majuma mawili baada ya kuzaliwa, seva zake zilizimwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Mwishoni mwa Oktoba studio ikafungwa. Kwa mwenye mali, uamuzi huo waweza kuwa na busara. Hasara iliyokwisha kuonekana haipaswi kulishwa. Lakini mchoraji aliyetumia miaka minne juu ya sura za watu wa mchezo ule hana pa kumpeleka mtoto wake akamwambia, hii ni kazi ya mkono wangu. Mshahara alilipwa, na hilo ni haki. Je, mshahara hununua pia kufutwa kwa kazi? Mapatano ya kazi yasema ndiyo. Dhamiri haioni jambo hili kuwa jepesi hivyo, kwa maana mtu anapouza siku zake hauzi saa peke yake; huuza pamoja nazo tumaini kwamba kitu kitaonekana mwishoni.

Tena si kila wakati siku hizo huuzwa kwa hiari. Studio ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, ilitumia miaka mingi juu ya Cyberpunk 2077, mmojawapo wa michezo ghali kabisa ya wakati wake. Mwaka wa 2019 viongozi wake waliahidi hadharani kwamba hawatawalazimisha watu kufanya kazi kupita kiasi. Katika majira ya vuli ya mwaka wa 2020, tarehe ya kutoa mchezo ilipokuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja na deni la matangazo limekwisha kuwa kubwa, waliamuru juma la kazi la siku sita. Mchezo ukatoka Desemba, 2020, ukauzwa nakala zaidi ya milioni 13 kabla mwaka haujaisha, na ukawa umejaa makosa kiasi ambacho Sony iliuondoa dukani mwake kwa miezi sita. Miaka ya kutengeneza ilifuatwa na miaka ya kukarabati. Viongozi wa studio waliomba radhi, nao walisema kweli kuwa lawama si ya wafanyakazi. Lakini Jumamosi zilizochukuliwa hazikurudishwa katika kalenda ya mtu yeyote.

Mtu aweza kukimbilia kusema kwamba dawa ni michezo midogo. Mfano utajwao sana ni Stardew Valley. Eric Barone wa Seattle aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akachora, akatunga muziki, akaandika programu na maneno yote, na ulipotoka mwezi wa Februari, 2016, ulipendwa mno. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa. Mfano huu ni mzuri, ila aghalabu husimuliwa vibaya. Haukutengenezwa bila ya gharama. Barone alikuwa akiwaelekeza watu viti vyao katika jumba la maonyesho ili apate fedha kidogo, na mpenzi wake alifanya kazi ili nyumba isimame. Tena kwa kila Barone mmoja wako wengi waliotumia miaka minne wakauza nakala mia mbili. Udogo si kinga ya hasara, wala si cheti cha wema.

Lililo la kuangaliwa katika kisa hicho ni jambo jingine. Aliyeweka dau na aliyekuwa tayari kulipa walikuwa nyumba moja. Barone alijua anachokiweka. Mpenzi wake alijua anachokichangia. Mchezo ungalianguka wangalianguka nao, na ulipopanda walipanda nao. Katika mchezo wa dola milioni 200 watu hao wawili wametenganishwa, na kadiri gharama inavyokua ndivyo umbali ulio kati yao unavyozidi, mpaka hawajuani kwa sura wala kwa jina. Mwenye hisa huweka fedha ambazo ni sehemu ndogo ya mali yake, naye amezigawa katika kampuni kumi ili moja ikizama tisa zielee. Mfanyakazi hana siku za kugawa katika studio kumi. Zote ameziweka katika kapu moja, na kapu si lake. Kusema kwamba wote wawili wanabahatisha sawasawa ni kuidhulumu lugha.

Kwa hiyo uadilifu hautaki gharama ishuke mpaka kiasi fulani. Hakuna mtu awezaye kutaja kiasi hicho. Wataka mambo yaliyo ya kawaida zaidi. Anayeombwa miaka mitano ya umri wake ana haki ya kuambiwa dau ni kiasi gani na nakala ngapi lazima ziuzwe ili asifukuzwe, badala ya kuzisoma tarakimu hizo chini ya wino wa mahakama. Anayeshiriki hasara kwa kupoteza kazi astahili kushiriki faida kwa zaidi ya mshahara. Na kampuni izimayo mchezo ingalifaa iache nakala yake mahali, katika maktaba au makumbusho, japo usichezwe na mtu ila mtafiti mmoja kwa mwaka. Mambo haya huongeza gharama kidogo. Hayaongezi hata sehemu ya gharama ya zile ndevu zinazokua.

Kaseti za Atari zilifukuliwa mwezi wa Aprili, 2014, mbele ya kundi la watu waliosimama katika upepo wenye vumbi. Howard Scott Warshaw alikuwapo. Alikuwa ameiacha kazi ya michezo miaka mingi, akawa mganga wa nafsi, awasikilizaye watu wengine wakieleza mizigo yao. Mchanga ulipoitoa kaseti ya kwanza, watu walishangilia, na baadhi ya kaseti hizo zikapelekwa makumbusho.

Kazi ya michezo imekwisha kuanza kubadilika kidogo, na mabadiliko hayo yameanzia mahali pa chini. Mwezi wa Januari, 2023, watu wapatao 300 wa kampuni ya ZeniMax, ambayo ni ya Microsoft, walitambuliwa kuwa wameunda chama chao cha wafanyakazi; na mwaka wa 2025, baada ya miaka miwili ya mazungumzo, walipata mkataba wao wa kwanza. Watu hao si watunzi mashuhuri wala waongozaji ambao majina yao hutangazwa. Ni wajaribu. Kazi yao ya kila siku ni kuucheza mchezo usiokwisha bado, na kuandika mahali ulipo na kosa.